Raspberry Pi au PLC kwa mashine ya alizeti? Tazama kwanza umeme unapokatika

Wenye mashine za kukamua alizeti huku Kizota, Dodoma, wananiletea malalamiko ya aina moja: fundi kafunga Raspberry Pi, kile kikompyuta cha bodi moja, kiongoze mashine, mwanzoni kazi safi, umeme ukakatika usiku, asubuhi mashine haiwaki. Kwa hiyo leo sigusi kasi wala ukubwa wa memori. Kuwasha mota mbili na kusoma joto, kifaa chochote hapa kinaweza, iwe Pi au PLC, yaani kidhibiti kilichoundwa kuongoza mashine za viwandani. Nauliza hivi: umeme ukikatika ghafla, kinaamkaje?

Raspberry Pi ya kawaida inaweka Linux nzima, mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, kwenye kadi ya memori, kadi ile ile ya simu. Na Linux haitulii, inaandika kumbukumbu zake hata mashine ikiwa imelala. Umeme ukiondoka katikati ya kuandika, faili zinaharibika, na fundi wa zamu anabaki anatazama maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Kadi inaweza kufungwa isiandikwe, au ukaweka betri ya kuizima taratibu. Nani alikufanyia hivyo? Halafu pini zake ni za volti 3.3, sensa (vihisi) nyingi za viwandani ni za volti 24. Kosea waya mmoja, bodi kwisha.

Namba moja kwangu ni Siemens LOGO!, PLC ndogo, na mapenzi yangu sifichi. Ile ya 230RCE inakula umeme wa volti 230 moja kwa moja, inavumilia hadi nyuzi joto 55 ndani ya paneli, na programu haifutiki. Umeme ukirudi, inaamka yenyewe. Hapo mwambie fundi aweke kitufe cha kuanzisha upya, mota isije ikajiwasha mtu anasafisha skrubu.

Una mashine nyingi? Chukua S7-1200, PLC kubwa zaidi ya Siemens hao hao. Pi naiweka ya tatu, ikae pembeni ihesabu lita na kutuma taarifa kwenye simu, isiguse kontakta, ile swichi ya kuwasha mota. Kopi za bei poa za PLC za Mitsubishi, mimi sinunui.

Sasa wauzaji. Wanakuuzia LOGO! iliyozeekea rafuni kwa bei ya mpya. Soma namba ubavuni: ikiishia 0BA6 ni ya kizazi cha nyuma, haina tundu la kebo ya mtandao, na kebo yake maalumu utauziwa kwa bei ya kukata maini. Ukiuliza bei hadharani, jibu ni “njoo inboksi”. Bei ya kifaa cha kiwandani nayo imekuwa siri ya ndoa?