BMW 650i ya 2006 au 420i ya 2016? Zote nimekaa nazo, dogo soma kwanza

Juzi usiku mdogo wangu kanitumia picha nane za BMW 650i nyeusi, namba D, ipo kwenye yadi hapa hapa Dar, ndani ngozi nyekundu haina hata mchubuko, bei milioni 26, na chini ya picha kaandika "kaka si hii ni bei ya Harrier tako la nyani?", yaani ile Toyota Harrier ya zamani. Nikampigia palepale nikamwambia usitoe hata shilingi ya kushikia gari, nipe siku mbili nikuandikie kila ninachokijua, maana hiyo gari nimekaa nayo miezi 14 na sasa natumia 420i ya 2016 mwaka na nusu, kwa hiyo haya mambo nimeyalipia kwa hela yangu. Nimeona niweke hapa wasome na wengine, maana kila nikipaki mahali lazima aje mtu aniulize swali hili hili.

Nianze na kinachomvuta kwa sababu namuelewa kabisa. 650i ni V8 ya lita 4.8, farasi 367, haina turbo, ukiiwasha asubuhi injini ikiwa baridi ule mlio unausikia kifuani. Walianza kuzitoa 2003 zikiwa 645, hii ya 4.8 ikaja 2005, wakafunga 2010, na mpaka leo ikipita Masaki watu wanageuka. Milango miwili, boneti refu, umekaa chini kabisa karibu na lami. Usiku nilikuwa naipitisha Daraja la Tanzanite vioo viko chini, gia ya tatu, nakanyaga kidogo tu, na sikumbuki siku niliyofika upande wa pili bila kutabasamu. 420i hainipi hicho kitu, nasema mapema ili mtu asidhani naiponda ya zamani. Naipenda ile gari mpaka leo.

Sasa kuna jambo la bodi yake ambalo linawapoteza wanunuzi wengi. Sisi tukienda kuangalia gari tunabeba kasumaku, unapitisha mlangoni, unapitisha kwenye fenda, ikikataa kushika unajua hapo pamepigwa pati, gari iligongwa. Ukiifanyia hivyo 650i utakimbia, maana sumaku haishiki boneti, haishiki milango, haishiki fenda za mbele wala mlango wa buti. Boneti na milango ni aluminiamu, fenda za mbele ni plastiki, mlango wa buti ni faiba, ndivyo zilivyotoka kiwandani. Inashika kwenye paa na ubavuni nyuma. Nilipokuwa nauza yangu mteja wa kwanza alikuja na sumaku yake, akaipitisha mara mbili, akaniangalia, akaondoka bila kuaga, na iliniuma maana gari haikuwa na ajali hata moja. Kwa hiyo dogo sumaku iache nyumbani. Fungua boneti uangalie fremu ya mbele, ile nayo ni aluminiamu imeunganishwa na chuma kwa riveti na gundi, angalia riveti zote zinafanana na rangi ya pale ni ile ile ya kiwandani. Kama iligongwa mbele ikanyooshwa kwa nyundo na kuchomelewa kama Corolla, ondoka, hiyo kazi sio ya kila fundi bodi.

Haya, tuje kwenye injini ambako ndiko hela yangu ilikoenda. Mwezi wa tatu tangu niinunue nilikuwa foleni ya Mwenge jioni, nimesimama kama dakika kumi na kitu, taa ikawa kijani nikakanyaga, nikaangalia saiti mira naona wingu la bluu limeifunika bajaji nzima nyuma yangu, abiria kaziba pua kwa mtandio. Nilijisikia vibaya sana. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana wa hii injini, sili za valvu zinakauka kwa joto miaka ikienda, ukisimama muda mrefu oili inachuruzika taratibu, ukikanyaga inaungua yote kwa mpigo. Ziko 32, moja kwa kila valvu, bei ya sili zenyewe sio ya kutisha, kinachokuua ni kazi ya kuzifikia. Nililipa milioni 4 na laki 3, na gari ikakaa gereji wiki saba maana vifaa na sili vyote vilisubiriwa kutoka Dubai. Na Dar ndiyo mji mbaya kuliko yote kwa huu ugonjwa, foleni na joto, gari haipumui.

Ndio maana ukienda kuiona usiridhike na kuzunguka mtaa mmoja. Iwashe, iache ingurume bila kukanyaga robo saa nzima, kaa nyuma kwenye ekzosi, halafu mwambie mtu akanyage. Muuzaji akianza kukuharakisha, oh mafuta yanaisha, oh kuna mteja mwingine anakuja, jibu umeshapata.

Ya pili ni maji. Koolanti ilikuwa inapungua kidogo kidogo, chini hakuna tone, rejeta kavu, mipira mizima. Gereji ya kwanza wakabadilisha thamostati, ikaendelea, wakabadilisha tena, mara ya tatu wakaniambia hedi imekwisha tufungue injini. Nikaiondoa pale nikampelekea mzee mmoja ambaye kazi yake ni hizi BMW tu, akalala chini na tochi dakika tano, akaniita nilale na mimi, akanionesha kitundu kidogo mbele ya injini nyuma ya pampu ya maji, pana ukungu wa koolanti iliyokaukia. Ndani ya injini, katikati ya zile safu mbili za silinda zilizokaa kama herufi V, kuna bomba la maji, sili yake inakwisha, inavujia ndani na kutokea pale. Njia ya kiwandani ni kufungua mbele yote, ila kuna bomba la kampuni nyingine linalokunjuka, unalikata la zamani unalitoa unaliingiza jipya bila kubomoa injini. Milioni 1 na laki 9, siku nne, na haikurudia tena mpaka nauza. Yule mzee angekuwa fundi wangu tangu siku ya kwanza ningebaki na hela nyingi sana.

Mafuta sitaki kuongea sana. Mjini lita moja kilomita 5, siku za foleni mbaya 4. Tenki ni lita 70, piga hesabu mwenyewe na bei za mafuta za EWURA za mwezi huu.

Ila sikuiuza kwa sababu ya bili. Niliiuza kwa sababu ilikuwa gari yangu pekee. Zile wiki saba nilikuwa napanda mwendokasi na boda na begi la laptopu mgongoni, mvua za Aprili, mtoto akapata homa usiku nikaanza kugonga kwa jirani kuomba gari wakati nimelipia bima kubwa ya gari ambayo iko juu ya mawe gereji. Usiku ule ndio nilikata shauri.

420i niliagiza Japani. Injini lita 2 yenye turbo, farasi 184, yaani nusu ya ile nyingine, na nilidhani nitachoka nayo mwezi mmoja. Haikuwa hivyo. Gia boksi yake ni ya gia nane na inabadili kwa namna ambayo huisikii, turbo inaamka mapema, kwenye foleni na kwenye barabara zetu unaona kabisa hii gari inatosha. Kwenda Morogoro kila kijiji kuna kibao cha 50 na trafiki ana tochi ya kupima spidi, sasa farasi 367 utazitoa wapi? Nilikuwa nalipia nguvu ambazo kwa wiki nilizitumia labda dakika tatu. Hii mjini napata kilomita 10 kwa lita, safari 14. Viti vya nyuma vinalala, nimeshabeba baiskeli ya mtoto humo, na nyuma mtu mzima anakaa mpaka Bagamoyo bila kulalamika sana, kwenye 650i nyuma ni pa mtoto au koti.

Inachokosa ni ule uzito wa kitu cha thamani. Mlango wa 650i ukiufunga unasikia, plastiki za ndani ya 420i ukizigusa kwa chini ni za kawaida, na mlio hamna kabisa, ukiwa na 650i halafu ukahamia huku wiki ya kwanza unaweza kuhuzunika kweli.

Kodi nayo iangalie kabla hujasema ngoja niagize 650i nzuri kutoka Japani. Kule ni bei chee, lakini ingia kwenye kikokotoo cha TRA uone. Nilipoagiza mimi, gari ya miaka 8 mpaka 10 ilikuwa inaongezwa asilimia 15 ya uchakavu, ikizidi 10 asilimia 30, na juu yake ushuru wa injini, zaidi ya cc 2000 asilimia 10, kati ya 1000 na 2000 asilimia 5. Yangu cc ziko chini ya 2000 na umri ulikuwa umegusa 8 tu, ikanisimamia milioni 57 mpaka naweka namba E. Ndugu zetu Wakenya hata hiyo hesabu hawapigi, kwao gari ikizidi miaka 8 haiingii kabisa. Kwa hiyo 650i utakayopata ni hizi zilizopo tayari bongo, zimepita mikono mitatu minne, na kila mkono uliahirisha kitu.

Na usije ukasikia 420i ukachukua yoyote. Hizi zilianza 2013 zikiwa na injini inaitwa N20, ambayo zile za mpaka mwanzoni mwa 2015 cheni yake ya taimingi inapita kwenye plastiki zinazopasuka, ukiikanyaga kidogo unasikia kamluzi kembamba kanapanda na injini, hiyo iache, cheni ikiruka umenunua injini. Ndani ya 2016 wakaweka injini mpya, B48, hiyo ndiyo utafute. Usidanganyike na mwaka wa usajili kwenye tangazo, gari inaweza kusajiliwa Japani 2016 ikiwa ilitengenezwa 2015, chukua namba ya chesisi uitafute mtandaoni ikwambie mwezi iliotoka kiwandani na injini gani, ni bure na ni dakika mbili. Oili ya gia boksi nayo watakwambia ni ya maisha. ZF wenyewe waliozitengeneza wanasema badilisha kati ya kilomita elfu 80 na laki na 20, na hii ni kwa zote mbili.

Matuta zote zinateseka, za kwangu zote mbili zilikuwa na tairi ngumu zile za kutembelea hata zikitoboka, hakuna spea kwenye buti, kwenye shimo unasikia mpaka kwenye meno. Mimi nimeweka tairi za kawaida na nabeba pampu ndogo na dawa ya kuziba, gari imelainika sana. Redio za Japani zinaishia chini, stesheni zetu nyingi huzipati, utatumia simu tu.

Kwa hiyo dogo, ukiwa na gari moja tu nyumbani nakuomba kabisa chukua 420i yenye B48, hata kama itabidi usubiri mwaka ujazie hela. Unaweza pia kuongea na shemeji yangu, ile IST yenu msiiuze, ibaki ya kwenda kazini, hapo 650i nakuruhusu kwa moyo wote, ila iwe bei isizidi milioni 20 na milioni 6 uziweke pembeni usiziguse, maana zitahitajika ndani ya mwaka huo huo. Na sio lazima iwe hiyo ya yadi, ipo pia 630i yenye silinda sita, umbo ni lile lile, injini yake haina huo ugonjwa wa lile bomba la katikati na nafasi ya fundi kuingiza mkono ipo, ukiipata safi mimi ningeichukua kabla ya V8.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunaenda wote. Nimeshaongea na yule mzee atakuja na mashine yake ya kupima. Wapigie yadi ijumaa jioni uwaambie wasiiwashe mpaka tufike, nataka niguse boneti nikute baridi.