Unga wa Fenbendazoli Dhidi ya Planaria: Tiba Inayowafaa Kamba, Isiyowafaa Konokono

Fenbendazoli ni dawa ya minyoo iliyokusudiwa mbwa na mifugo, na pakiti niliyoitumia haitaji mahali popote tangi la kamba wa maji baridi. Hata hivyo, wafugaji wengi wa kamba wadogo huikimbilia pale planaria wanapoanza kutambaa kwenye kioo, na baada ya kuitumia ninakiri kwamba sifa zake si za bure.

Kabla ya kufungua pakiti ni lazima kuhakikisha adui ni nani. Planaria ni mnyoo bapa mwenye kichwa cha pembetatu na vidoa viwili vya macho, ambaye huteleza juu ya kioo taratibu bila kujipindapinda. Vijinyoo vyembamba kama uzi vinavyojinyonganyonga majini ni jamii nyingine kabisa. Vinakula mabaki, havimdhuru kamba, na kuvimwagia dawa ni kupoteza dawa. Anayetia shaka na aweke kipande kidogo cha nyama mbichi tangini usiku, kisha amulike kwa tochi baada ya saa moja au mbili: planaria wakiwapo, watakuwa wamejazana juu yake, na vichwa vyao vitaonekana waziwazi. Hao ndio wanaokula vitoto vya kamba, na pia huwashambulia kamba wakubwa waliodhoofika au waliotoka kujivua gamba.

Unga nilioutumia una fenbendazoli asilimia 22.2, na kipimo kinachotumiwa sana na wafugaji ni gramu 0.1 ya unga huo kwa lita 38 za maji. Hapa ndipo penye kero kubwa ya bidhaa hii. Pakiti imepimwa kwa uzito wa mbwa, si kwa ujazo wa tangi, na gramu 0.1 ni kiasi kidogo mno kukisia kwa ncha ya kijiko, kwa hiyo mtu asiye na mizani ndogo ya kidijiti heri asianze. Unga wenyewe hauyeyuki vizuri majini; niliutia kwenye chupa yenye maji ya tangi, nikaitikisa kwa nguvu, na bado chembe nyeupe zilitua juu ya majani na changarawe. Mkaa wa kuchujia uondolewe kwanza, la sivyo utainyonya dawa kabla haijafanya kazi. Vilevile, dawa nyingi za mbwa huchanganywa na viambato vingine, basi isomwe lebo na ichaguliwe yenye fenbendazoli peke yake.

Matokeo yalikuja bila papara. Minyoo ilianza kujikunja na kulegea, ikaacha kushika kioo, na baada ya siku mbili tatu ikawa inalala chini kama kamasi ya kijivu. Kamba waliendelea kuchakura chakula kana kwamba hakuna kilichotokea, na majike waliokuwa wamebeba mayai hawakuyaangusha. Hatari iliyobaki ni mizoga: minyoo mingi ikioza kwa pamoja, amonia hupanda, na hiyo ndiyo inayoweza kuua kamba walionusurika na dawa. Nilinyonya uchafu wa chini kwa mpira na kubadilisha sehemu ya maji, kisha nikarudia kipimo baadaye, kwa sababu mayai ya planaria yamo ndani ya vifuko vigumu na yanaweza kuanguliwa baada ya dawa kupungua nguvu.

Sasa konokono. Wale aina ya nerite hawafai kuachwa humo hata kidogo, na kuwatoa kwa siku chache hakutoshi, maana dawa hujificha kwenye changarawe, sponji na magogo, ikaendelea kuwadhuru kwa miezi. Mwenye kuwapenda konokono wake kuliko kamba atafute njia nyingine.

Njia hiyo nyingine mara nyingi ni mtego wa kioo, kijibomba chenye matundu madogo kinachotiwa nyama. Nao ninao, na nauthamini kwa kazi moja tu: kuchunguza. Unanasa waliokuja kula, haugusi mayai wala waliobaki kwenye changarawe, na vitoto vya kamba navyo huingia humo, hivyo ni lazima umwagwe asubuhi na mapema. Kuwakata planaria kwa wembe kwenye kioo ni kazi bure, kwa kuwa kipande cha planaria kilichokatika huweza kukua kuwa mnyoo kamili.

Unga huu naupa alama 4 kati ya 5 kwa tangi la kamba pekee. Kwa tangi lenye konokono wa thamani siupi hata moja.