Kibao cha Mbao au cha Sega? Seti ya Kuanzia Pikoboli Nimeijaribu

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena! Leo niko uwanjani, hapa Seattle, na hii ndiyo seti mliyoniulizia ya kuanzia pikoboli (pickleball), ule mchezo wa kupigiana mpira wa plastiki wenye matundu kwa vibao, juu ya wavu: vibao viwili vya mbao, mipira minne, mfuko wake, dola 30. Sheria sizirudii, zimo kwenye video iliyopita. Twende kwenye kibao, maana kimeniudhi.

Nimekipima nyumbani: gramu 330. Changu hiki, 225. Sikieni mlio... ko! Kikavu. Na changu... pu. Mmesikia? Changu ndani kina plastiki yenye vijumba kama sega la nyuki, unene milimita 16, kinaumeza ule mshindo wa mpira.

Sasa tazameni mstari huu. Kutoka wavuni hadi hapa ni mita 2 na ushee, panaitwa jikoni. Ukiwa humo ndani, ni marufuku kuupiga mpira kabla haujadunda. Kwa hiyo ufundi wenyewe ni kuutua taratibu jikoni kwa mwenzako, asipate wa kukukandamiza. Angalieni. Cha mbao, nausukuma tu... umeruka juu! Narudia, taratibu zaidi... juu tena! Hapo umeshapigwa. Changu sasa... umevuka, umetua. Tena... umetua! Mkono ni uleule, jamani! Mtu anayeanza atadhani yeye ndiye hajui, atauacha mchezo. Hilo linaniuma, kwa sababu wapo mama zetu hapa ambao tenisi iliwachosha magoti, lakini huku wanacheza hadi jioni. Uwanja wenyewe ni mdogo, sawa na wa badminton.

Mipira nayo, hesabuni matundu: 26. Hiyo ni ya ukumbini, ona upepo unavyoibeba! Ya nje ina matundu 40, kama hii Franklin X-40.

Nilipanga kuwaambia msiiguse kabisa seti hii. Lakini wanangu wamevigonga vibao hivi ukutani wiki nzima, havina hata ufa. Kwa watoto, chukueni. Mtu mzima, ongeza hela upate cha sega, hata kimoja cha dola 60. Vya dola 200 na zaidi subirini kwanza.

Halafu Jumamosi tuko mubashara! Napanda kivuko kwenda kisiwa cha Bainbridge, mchezo huu ulikoanzia mwaka 1965, kwa kina Joel Pritchard. Walikosa vifaa vya badminton, wakachukua vibao vya mpira wa meza. Mlio karibu, njooni na vibao vyenu, nitawapimia uzito hapohapo.