Kifaa cha kusikia cha kumnunulia mzazi, na nani anashika ufunguo wake

Kabla hujatoa hata shilingi, mpeleke mzee kliniki ya masikio, pua na koo akapimwe. Kuna wanaokutwa na nta iliyoganda tu; inasafishwa, mazungumzo yanarudi. Akithibitika kupungukiwa usikivu, mimi ningepanga hivi.

Namba moja ni kifaa cha usikivu cha kliniki, kile kinachokaa nyuma ya sikio na kutumia betri ndogo. Ni ghali, sikatai. Lakini kinarekebishwa kwa kufuata kipimo cha sikio lake mwenyewe, na kikishawekwa sawa hakidai simu wala akaunti ya mtu. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: betri zake (312 zenye kibandiko cha kahawia, au 13 cha rangi ya chungwa) zinapatikana mjini kwetu? Kliniki nyingine inaweza kukirekebisha, au kimefungwa kikubali programu ya duka lako pekee? Akizungukazunguka, ondoka.

Swali hilo la ufunguo, yaani nani anaweza kukirekebisha kifaa, nalishikilia kwa sababu ya Argus II, jicho bandia la kampuni ya Second Sight ya Marekani. Watu zaidi ya 350 duniani waliwekewa. Kampuni ikaishiwa fedha, ikaacha kulihudumia, na wenye macho hayo wakabaki na mtambo mwilini usio na fundi wala vipuri. Hata Bose, kampuni ya spika na hedifoni, iliyoanza kuuza vifaa vya usikivu 2021, iliachana na biashara hiyo mwaka uliofuata.

Ndiyo maana AirPods Pro 2, vipokea sauti vidogo vya masikioni vya Apple visivyo na waya, naziweka namba tatu, ingawa ni kazi nzuri. Septemba 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha programu inayozigeuza kuwa kifaa cha usikivu, kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Zilitoka kwa dola 249, bei ndogo mno mbele ya vifaa vya kliniki vya kule. Ila lazima uwe na iPhone au iPad ya kuziandaa, na ni Apple inayoamua huduma hiyo ifanye kazi nchi gani. Angalia orodha yao kwanza. Chaji ni kama saa sita: mzee aliyezivaa alfajiri atazivua kabla ya adhuhuri. Tena wageni watadhani anasikiliza muziki huku wakimwamkia.

Asiye na fedha hizo aanze na namba mbili: Sound Amplifier, programu ya Google ya kukuza sauti kwenye simu ya Android, bure, na hedifoni za waya. Simu iwekwe karibu na anayezungumza.

Vikuza sauti vya bei ya chini vya barabarani ni vya mwisho. Vinakuza kila kitu kwa pamoja: sahani, pikipiki, upepo. Mama yangu alivaa kimoja siku mbili, akakifungia kabatini, akarudi kututazama midomo.