Msaada wa kisheria Ngamiani: nimehudumiwa nikahudumika

Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walitia kufuli lao kwenye nyumba tuliyojenga wote. Nikaelekezwa kwa mama mmoja msaidizi wa kisheria, hapa hapa Ngamiani, Tanga. Zamani alikuwa mwalimu, kisha ofisa maendeleo ya jamii. Ualimu haujamtoka: alisoma karatasi zangu akipitisha kidole chini ya kila mstari. “Mwanangu, lete cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, tukafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo.” Sikutoa hata mia, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka wasiojiweza wasaidiwe bure. Ila benchi ni moja tu, wajawazito wanasimama, jamani! Ufunguo wa nyumba ninao tangu Ijumaa.