Kasha la taa yangu, kwa fundi wa nakshi hapa Lamu

Jamani kazi nzuri isemwe. Taa nilijiundia mwenyewe, ule ukanda wa LED wa volti 12 wenye vitaa 60 kwa mita, ikawa yaning'inia sebuleni na nyaya zake nje nje mpaka mamangu akanambia mwanangu wageni wakija tutaficha wapi hii. Nikampelekea fundi mmoja wa milango huku Langoni.

Kasha la kwanza halikufaa. Lilikuwa jembamba mno, ukiwasha waona kila kitaa peke yake kama madoadoa. Manake vitaa vyenyewe vimepishana kama milimita 17, sasa ile plastiki nyeupe ya mbele ikiwa karibu kuliko hapo mwanga hauwahi kuchanganyika. Nikamweleza, hakununa wala hakuongeza bei, akaongeza kina ikafika sentimita 4 na sasa mwanga umetulia kama maziwa.

Lakini nakshi! Mbao ya mwembe, pembeni kachonga yungiyungi kama wa milango ya zamani, na kwenye kila petali katoboa tundu dogo kwa patasi, usiku ua lote lajichora ukutani, nilikaa nikatizama tu chai ikapoa. Nyuma kaacha matundu ya hewa ili joto litoke, na skurubu ni za stenlesi kwa sababu chumvi ya hapa yala chuma upesi.

Siku kumi na moja, 3,500. Mpelekeeni vipimo vya kina mapema.