Jimu Mwanza: kulipa kwa siku, kwa mwezi au miezi mitatu? Nimezipanga kwa hesabu

Mtu akitaka kuanza jimu swali lake la kwanza ni kwa mwezi bei gani, akisikia elfu arobaini anaona poa, anatoa hela, wala hajajiuliza ataenda mara ngapi. Na hapo ndo penyewe. Idadi ya mara utakazoenda kwa mwezi tuiite x, ndo ile ile ya shuleni iliyokuwa inatutoa jasho.

Bei za hapa chini ni za mfano tu, we weka za jimu ya mtaani kwako, iwe Nyegezi, Pasiansi au Igoma, njia ni ile ile. Kwa siku buku tatu. Kwa mwezi 40,000. Miezi mitatu kwa mkupuo 100,000. Alafu kuna nusu-nusu, unalipa ada ya mwezi 15,000 na kila ukiingia unaongeza 1,500 (kama hawana huo mpango muulize mwenye jimu, bei ni maelewano).

Namba moja naweka KULIPA KWA SIKU, najua wengi mtabisha. Ili mwezi ukulipe kuliko siku lazima 3,000x > 40,000, gawa kwa 3,000 unapata x > 13.3, na kwa kuwa hamna mtu anaenda jimu mara 13 na kipande, ni mara 14 kwenda juu. Ukienda mara 13 umetumia 39,000, bado uko chini ya mwezi. Sasa mara 14 ni zaidi ya mara tatu kila wiki bila kukosa, na hapo hujaweka mvua za masika, hujaweka msiba Sengerema, hujaweka siku umetoka kazini umechoka. Wakikudai na kiingilio cha 10,000 mwezi wa kwanza ndo inakuwa 3,000x > 50,000, yani mara 17. Kwa mtu anayeanza, x ya kweli ni ile aliyoenda mwezi uliopita, sio aliyojiahidi, na kama hana mwezi uliopita basi alipe kwa siku kwanza ajijue.

Namba mbili NUSU-NUSU. 15,000 + 1,500x < 3,000x. Toa 3,000x pande zote, toa na 15,000, inabaki -1,500x < -15,000, na hapa ndo wengi wanachemka maana ukigawa kwa namba hasi alama inageuka, kwaiyo ni x > 10. Mara 10 kamili ni sare, zote 30,000. Ukiilinganisha na mwezi, 15,000 + 1,500x < 40,000, inakuja x < 16.7. Kwaiyo kuanzia mara 11 mpaka 16 hii inazishinda zote mbili, na watu wengi wenye kazi zao wanaangukia humo humo.

Namba tatu MWEZI, kuanzia mara 17. Ukitoa Jumapili mwezi una siku kama 26 kwaiyo inawezekana, ila ni ya wale walioshalewa chuma.

Namba nne MIEZI MITATU. Unaokoa 20,000 kweli, ila angalia, idadi ya miezi utakayoenda tuiite m, 40,000m > 100,000 inatoa m > 2.5, yani lazima umalize yote mitatu. Ukiacha baada ya miwili umepoteza 20,000 hiyo hiyo.

(Kukimbia asubuhi Capri Point ziwa liko pembeni ni sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko zote, ila wanaotaka chuma hawanisikii.)

Ya mwisho ni JIMU YA BEI RAHISI ILIYO MBALI. Tufanye unakaa Nyegezi, ya mjini ni 30,000 kwa mwezi, na daladala kwenda na kurudi buku. Inaishinda ya 40,000 ya karibu pale tu 30,000 + 1,000x < 40,000, yani x < 10. Lakini mtu wa chini ya mara 10 si alipe kwa siku hapo hapo Nyegezi? 3,000x < 30,000 + 1,000x mpaka mara 14. Yani ukienda kidogo inapigwa na ya siku, ukienda sana inapigwa na ya mwezi, hakuna x hata moja ambayo yenyewe inaongoza. Labda uwe unafanya kazi mjini, maana hiyo nauli unalipa uende jimu usiende, kwaiyo itoe kwenye hesabu, inabaki 30,000 peke yake, na kuanzia mara 11 inaruka toka mkiani mpaka namba moja.